Tupeane uzoefu: RAM gani ilikubali kwenye kompyuta yako ya mezani?

Wakuu, kompyuta nyingi za mtumba zilizotoka maofisini zinakuja na RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 4. Ukifungua Chrome na Excel pamoja, RAM inajaa na taa ya diski haizimi. Yangu ni Dell OptiPlex 7010, ile ya zamani. Kabla ya kwenda dukani nilifungua Task Manager, Performance, kisha Memory: pale panaonekana kasi ya RAM na sloti (nafasi za kuchomeka RAM) ngapi zimejaa. Kisha nikafungua kasha nikasoma stika: PC3-12800U, yaani DDR3 (kizazi cha tatu cha RAM za aina ya DDR) yenye kasi ya 1600. Nikanunua yenye maandishi yaleyale na sasa nafanya kazi kwa raha. Ninyi mlichaguaje?

Fundi wa Mwanza: Mkuu, hiyo U ya mwisho ni muhimu sana, ndiyo alama ya RAM ya kompyuta ya kawaida. Mitaani zinauzwa RAM zilizotolewa kwenye seva, mwishoni zimeandikwa R badala ya U, GB nyingi kwa bei ya chini. Wateja wananiletea kila mara: PC inapiga milio, haiwaki. RAM yenyewe ni nzima, ila kompyuta ya kawaida haiipokei. Inauma, maana wengine wamejibana kupata hiyo hela.

Dada wa Stationery: Yangu ni ile ndogo ya kufunga nyuma ya skrini. Inatumia RAM fupi za laptopu. Angalieni hilo kwanza.

Mwanachuo: Niliweka GB 8 lakini Windows ikawa inatumia tatu na kitu. Kumbe ilikuwa ya biti 32. Nikaweka ya biti 64, zote zikaonekana.

Mhariri Video: Kama huna kadi ya grafiki, weka mbili za GB 8 badala ya moja ya 16, kwenye sloti za chaneli tofauti. Grafiki ya ndani inakula RAM hiyohiyo, na zikiwa pea zinasafirisha data kwa njia mbili. Mimi niliona tofauti kubwa wakati wa kuhariri.

Mgeni: DDR4 inaweza kuingia kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ya DDR3?

Fundi wa Mwanza: Hapana, ndugu yangu. DDR3 ina pini 240 na umeme wa volti 1.5, DDR4 ina pini 288 na volti 1.2. DDR5 nayo ina 288, lakini pengo lake (ule mkato katikati ya pini) limehamishwa. Ikigoma kukaa usiisukume, utavunja sloti. Piga picha stika ya iliyomo, nenda nayo dukani.