MREJESHO: Yule mwalimu mgeni anayegongewa hodi Ujiji

Wakuu, yule kijana Mjerumani anayejitolea kufundisha shule ya kanisa letu hapa Ujiji, niliyewaambia kila jioni anapigiwa hodi kuombwa ada na nauli, mambo yametulia. Nilipitia kwa mchungaji kama mlivyoshauri. Jumapili kwenye matangazo akasema wazi: huyu yupo kwa kibali cha daraja C, cha kujitolea, mshahara hana. Kanisa likaguna, bibi mmoja wa mbele akasema "maskini wee!"

Sasa hodi zimegeuka. Jana kaletewa samaki, migebuka, na chupa ya mawese; akakaanga kitunguu mwenyewe, akikohoa moshi wa kuni, kisha akamega ugali wa muhogo mpaka vidole vikawa vya njano. Wamebaki bodaboda tu, hao bado wanampiga bei ya mzungu.