XML au RDF kwa metadata ya maelezo: tuchague ipi?

Mkutubi Mpya: Wadau, naomba mawazo yenu. Tuna mkusanyo wa picha, barua na vitabu adimu ambao rekodi zake za maelezo (metadata) zimo kwenye lahajedwali, na inatubidi tuamue kama tutaziandika kwa XML (matini yenye alama zinazofungua na kufunga kila kipengele), kwa kufuata MODS, muundo wa rekodi wa Maktaba ya Bunge la Marekani, au kwa RDF (njia ya kueleza data kwa sentensi fupi zinazounganika). Waorodheshaji wetu si wataalamu wa programu, na maktaba nyingine zitavuna rekodi hizo, yaani kuzinakili kwa kompyuta, kwa itifaki ya OAI-PMH.

Kabati la Kadi: XML, bila kusita. Skima (kanuni za muundo wa rekodi) ikiandikwa vizuri, kosa linanaswa kabla rekodi haijatoka mikononi mwa mworodheshaji. Isitoshe, OAI-PMH yenyewe inadai kila hazina itoe angalau Dublin Core sahili (seti ndogo ya vipengele vya msingi kama jina la kazi na mwandishi), na itoe kwa XML. Hiyo RDF ya juzi ni ndoto tamu ya wasomi ambao hawajawahi kuorodhesha hata kijitabu.

Nodi Tupu: Nimeorodhesha vitabu hadi macho yakaniuma, kwa hiyo kauli hiyo ungeimeza. Na ya juzi kivipi? XML 1.0 ilipitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Februari 1998, na RDF ikafuata Februari 1999. Zaidi ya hayo, mnalinganisha vitu visivyo vya ngazi moja: XML ni sintaksia, yaani namna ya kuandika, RDF ni modeli, yaani namna ya kupanga maana, na ndiyo maana RDF huandikwa kwa XML au kwa sintaksia nyingine kama Turtle na JSON-LD bila maana kubadilika. Mti wa XML unaonyesha tu kwamba elementi hii imo ndani ya ile; uhusiano wao ni upi, utaujua ukisoma mwongozo. Katika RDF kila dai lina kiima, kiarifu na yambwa, na mtu hutambulishwa kwa URI (kitambulisho cha pekee, mara nyingi chenye sura ya anwani ya wavuti), hata kama rekodi moja inatanguliza jina la ukoo na nyingine jina la kwanza.

Kabati la Kadi: Unaisifia RDF kwa kuandikwa kwa XML? Sintaksia hiyo ndiyo iliyowakimbiza watu, maana grafu ileile, yaani mkusanyo uleule wa sentensi za RDF, huandikwa kwa sura kadhaa, zote halali, na XSLT (maagizo ya kugeuza faili za XML) uliyoitungia sura moja inakwama kwenye nyingine. Tena nijibu hili: makala ina waandishi watatu, nani wa kwanza? Katika XML wanabaki walivyopangwa. Katika RDF, sentensi tatu za dc:creator (kiarifu cha kutaja mtungaji) hazina wa kwanza wala wa mwisho.

Nodi Tupu: Kwani rdf:List, orodha yenye mpangilio ya RDF, iliwekwa ya nini?

Mvunaji: Samahani kwa kuingilia. Kwa waandishi watatu, orodha hiyo inadai nodi tatu na sentensi sita za rdf:first na rdf:rest, ukiacha ile inayoiunganisha na makala. Ukishamaliza, iulize SPARQL, lugha ya kuulizia data ya RDF, kila mwandishi ni wa ngapi, kisha urudi utusimulie.

Nodi Tupu: Yaani modeli nzima itupwe kwa ajili ya foleni ya majina? Picha na barua kwa kawaida zina mtungaji mmoja.

Mvunaji: Vitabu adimu umeviruka kimyakimya. Navyo vilitajwa.

Nodi Tupu: Nimeviruka kwa sababu mwandishi wa kwanza hutajwa hata kwenye maelezo ya uwajibikaji (sehemu ya rekodi inayonakili majina ya waandishi kutoka kwenye kitabu chenyewe), ambayo ni matini tu.

Kabati la Kadi: Sasa tumerudi kwenye matini! URI zimeishia wapi?

Mkutubi Mpya: Naona waandishi wameteka mazungumzo. Basi niulize hivi: tukitunza MODS ya XML, tukajaza URI za watu na mahali katika sifa ya valueURI tangu rekodi ya kwanza, kisha tukazigeuza kuwa RDF baadaye, tutapoteza nini?

Nodi Tupu: Kidogo sana, mradi URI hizo zijazwe kweli na si kuachwa kwa ahadi.

Kabati la Kadi: Mpangilio wa waandishi.