Bedford la marehemu baba: tuliuze, au tuliache chini ya mparachichi?

Mtoto wa Soni

Habari zenu ndugu. Ninaomba ushauri wa watu waliowahi kumiliki au kuendesha malori ya zamani, na zaidi wa wale walioachiwa gari na mzazi wasijue walifanyie nini.

Marehemu baba alinunua Bedford TJ mwaka 1971, lile la boneti fupi na taa za duara, lenye injini ya dizeli ya silinda sita. Kwa zaidi ya miaka thelathini lilishusha kabichi, viazi na plamu kutoka Soni, kwetu milimani Usambara, na vijiji vya juu yake hadi Mombo, na msimu ukiwa mzuri liliendelea na mzigo huohuo mpaka Dar es Salaam. Watu wa kwetu waliliita Shangazi, kwa sababu lilipanda mlima likiguna na halikurudi mikono mitupu hata siku moja: lingeshuka na mboga, likapanda na saruji, mabati, chumvi, na mara mbili ninazozikumbuka mimi, jeneza. Jina hilo baba alimpa fundi rangi akaliandika kwenye ubao wa nyuma wa bodi, kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi.

Baba alifariki miaka sita iliyopita, na tangu siku ya msiba lori halijawashwa. Limesimama uani chini ya mparachichi, matairi mawili yamekaa chini, kuku wanataga chini ya kiti cha dereva, na mama hufagia kulizunguka kila asubuhi kabla hajafagia mlango wake mwenyewe. Sasa wamejitokeza wanunuzi wawili. Mmoja ni wa vyuma chakavu, ambaye amelitazama kwa dakika tano akataja shilingi milioni mbili na nusu. Mwingine ana nyumba ya wageni na anataka kuliweka langoni kama pambo, naye ametaja milioni nne.

Tuko watoto wanne. Anayenifuata anataka liuzwe kwa kuwa ana kijana chuoni, dada yetu hataki hata kusikia habari hiyo, na mdogo wetu wa mwisho anasema atalitengeneza lirudi barabarani. Tukimuuliza mama, hujibu, "Ninyi ndio mnaojua." Kadi ya gari bado ina jina la baba. Mimi ndiye mkubwa, nakaa Dar es Salaam, na kila nikienda nyumbani nakuta wananisubiri mimi niseme. Naombeni mnisaidie kufikiri.

Fundi Gerezani

Pole kwa msiba, kaka, ingawa ni wa siku nyingi. Nianze na onyo: mdogo wako asije akaleta betri akapiga stata. Injini ya dizeli iliyolala miaka sita huwa na kutu kwenye kuta za silinda na ringi za pistoni zilizoganda, na kuilazimisha kwa stata ni njia ya haraka ya kuvunja kitu ambacho kingepona. Fungueni nozeli zote sita, mimineni oili kidogo katika kila tundu, iacheni siku mbili au tatu, kisha izungusheni kwa mkono, kwa spana kwenye puli ya krenki. Ikizunguka mzunguko mzima bila kukwama, mna injini. Baada ya hapo mwageni dizeli ya zamani, osheni tangi, wekeni filta mpya, toeni upepo kwenye mfumo, na hapo ndipo mfikirie betri. Klachi nayo mara nyingi huwa imeganda kwenye flaiwili, lakini hilo halimzuii mtu kujua hali ya injini.

Jambo la pili ni breki, na hapa naomba unisome kwa makini kwa sababu naijua ile barabara ya Mombo. Bedford za miaka ile nyingi zina breki za mafuta za mfumo mmoja, maana yake bomba moja likipasuka popote, au raba ya silinda moja ya gurudumu ikiachia, pedali inakwenda chini na magurudumu yote yanakosa breki kwa pamoja. Raba zilizokaa kavu miaka sita zimekwisha, hata kama kwa nje zinaonekana nzima. Kama rimu zake ni zile zenye ringi ya chuma inayoshikilia tairi, msijaze upepo kienyeji hapo uani. Ringi ikifyatuka inaua, na nimeshamzika mwenzangu mmoja kwa sababu hiyo.

Kuhusu spea, Bedford kama kiwanda cha malori kilikwisha Uingereza miaka ya themanini, lakini TJ halijafa. Pakistani bado wanaliendesha na kulipamba kwa rangi kuliko bibi harusi, na vipuri vinatengenezwa huko. Huku kwetu ni suala la kuulizia, kuagiza na kungoja.

Bei ya chuma chakavu ikataeni leo hii. Yule mtu amenunua uzito tu. Gia boksi nzima, difu, pampu ya dizeli na kichwa cha injini kisicho na ufa, kwa mtu mwenye Bedford lake linalotembea, vina thamani kuliko alichotaja, na watu hao wapo.

Karani Mstaafu

Ndugu yangu, mnazungumzia bei kabla ya kujua nani ana mamlaka ya kuuza. Lori hilo si lako wala si la ndugu zako. Ni sehemu ya mirathi ya marehemu, na mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, hakuna mtu katika familia yenu anayeweza kusaini mauzo yakasimama. Mnunuzi makini ataomba kadi, ataona jina la marehemu, na ama ataondoka ama atawapa bei ya kuwanyonya kwa kuwa anajua mmekaa vibaya.

Kwa familia ya kijijini njia ya kawaida ni kikao cha ukoo kumpendekeza msimamizi, muhtasari ukaandikwa na kusainiwa, kisha mpeleke maombi Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo. Akishateuliwa, msimamizi anatakiwa ndani ya miezi minne kuwasilisha orodha ya mali na hesabu ya namna alivyoigawa, na lori liwemo humo kama lilivyo, bovu au zima. Umiliki ukishahamishwa TRA, mamlaka ya mapato, ndipo mtu auze kwa amani. Kuwa mkubwa hakukupi mamlaka hayo, na huenda kukakupunguzia mzigo ukijua hivyo.

Pia mama yenu ni mjane wa marehemu. "Ninyi ndio mnaojua" si jibu la kuandika kwenye muhtasari. Aulizwe akiwa peke yake, na aulizwe na mtu mmoja.

Dereva wa Zamani

Anayeniandikia ni mjukuu wangu, kwa hiyo makosa ya herufi ni yake. Mimi niliendesha Fiat 682 kwenye njia ya Zambia, wakati ule baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru wa walowezi mwaka 1965, mafuta yakawa yanapelekwa Zambia kwa barabara na shaba inarudi Dar es Salaam. Lami ilikuwa bado. Masika ungeweza kukwama siku kadhaa kwenye tope, na milima ya Kitonga ilikuwa ikipandwa kwa gia ya kwanza, utingo akitembea kwa miguu nyuma ya gari na kabari ya mti mkononi, ili injini ikizima aitupe chini ya tairi.

Baadaye nilinunua Fiat langu kuukuu kama hizo, na vita vya Kagera vilipoanza mwaka 1978, magari ya watu binafsi yakatakiwa kubeba askari na vifaa, langu nalo likaenda, nami nikaenda nalo. Niliporudi nikaapa kwamba gari hilo sitaliuza. Nilipewa bei nzuri mara mbili nikakataa. Kisha miaka ya themanini spea zikakosekana, gari likasimama, nikasema nitalitengeneza mwakani. Mwakani huo ulichukua miaka kumi na minne. Mvua ilikula sakafu ya kebini, wezi wakala betri, pampu na vioo, na siku lilipokatwa kwa gesi lilikuwa boksi la kutu, na fedha niliyopata haikutosha mabati ya jiko.

Sijutii kwamba liliondoka. Ninajutia ile bei ya kwanza, maana aliyeitaja alikuwa dereva na angelitembeza. Kwa hiyo, mwanangu, msikilize Fundi kuhusu breki, lakini na wewe mtazame mnunuzi: uliza anataka kulifanyia nini.

Binti Mlalo

Nina Canter ya kubebea mboga kwenye njia hiyohiyo, na naomba niseme kwa heshima kwamba ndoto ya mdogo wako haitamlipa. Mwenye mboga siku hizi anataka mzigo uondoke jioni uwe sokoni Dar es Salaam kabla ya mapambazuko, na gari likiharibika Chalinze saa saba usiku napata nozeli au raba ya breki asubuhi kwenye duka la kwanza. Yeye na Bedford atangoja kifurushi kutoka mbali huku kabichi zinageuka maji. Kama ni kubeba matofali, mchanga na samadi hapo kwenye tambarare za kijijini, sawa, lakini gharama za matairi, breki, bima na leseni ya LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, hazijali kwamba safari ni fupi. Ile ada ya leseni ya barabara ya kila mwaka iliyofutwa 2017 ilihamia kwenye mafuta, na gari hilo linakunywa.

La nyumba ya wageni mimi nisingelikubali kamwe, ingawa hiyo ni hisia yangu na wala si hesabu. Nikiwaza watu wa safari wanapigia picha jina la shangazi wa kijiji, na majani yamepandwa kwenye boneti, nasikia vibaya. Heri lifunguliwe vipande likatembeze Bedford nyingine.

Mtoto wa Soni

Nashukuru wote, na shikamoo kwa mzee wa Fiat. Nilikwenda nyumbani mwisho wa wiki iliyopita, narudi na majibu.

Tulifuata maelekezo ya Fundi pamoja na fundi mmoja wa Mombo. Siku ya tatu injini ilizunguka mzunguko mzima, kwa ugumu mwanzoni, kisha laini. Mdogo wangu alipiga vigelegele peke yake. Kisha tukafungua magurudumu ya mbele, raba za breki zikatoka kama makombo ya mkate, na chesisi ikaonekana imeliwa pale springi za nyuma zinaposhikilia. Hapo yeye mwenyewe alinyamaza, akaanza kuuliza bei za Canter.

Jioni nilikaa na mama jikoni, wengine nikawatuma dukani. Nilimwambia najua lori lile linamkumbusha baba na kwamba hatutaliondoa bila ridhaa yake. Alinitazama kwa muda, akasema, "Mimi nafagia pale kila siku kwa sababu ya nyoka. Mwaka jana nimeua wawili. Nimenyamaza nikidhani ninyi ndio mnaolitaka." Akacheka mpaka akafuta machozi, na sijui yote yalikuwa ya kicheko. Kisha akasema ubao wa nyuma wenye jina usiende na lori. Anautaka, ataufanya benchi la kukalia barazani.

Dada amekubali kwa sharti la ubao huo. Kikao cha ukoo kitakaa baada ya mavuno, anayenifuata ndiye atakayependekezwa kuwa msimamizi kwa kuwa anaishi karibu na mahakama, na wanunuzi wote wawili tumewaambia wasubiri, ingawa kwa kweli hatuwataki. Fundi wa Mombo anamfahamu mzee mmoja Korogwe mwenye Bedford mbili zinazobeba mchanga, naye ameshapiga simu kuulizia gia boksi na difu.

Nimebakiwa na swali moja kwa Fundi Gerezani. Kwa kuwa mirathi itachukua muda, pampu ya dizeli na nozeli tuzirudishe kwenye injini, au tuzitie mafuta tuzifungie ndani ya nyumba mpaka siku ya kuuza?