Mwanangu anaumwa tumbo mwezi wa nne sasa, vipimo vyote safi. Nifanyeje?

mama_watatu: Habari za humu ndani. Binti yangu ana miaka 13, yuko darasa la saba. Tangu Machi tumbo linamkamata asubuhi, hapa kwenye kitovu, anajikunja mpaka jasho linamtoka puani. Choo, mkojo, damu, altrasaundi: safi. Dozi ya taifodi keshameza mara tatu. Juzi daktari kaniambia mbele yake, "Huyu hana kitu." Kwenye bajaji njia nzima analia: "Mama, na wewe unaona nadanganya?" Shangazi yake anasema ni jini, twende kwa mganga. Nishaurini jamani.

nesi_wa_zamu: Pole sana dada. Mtoto haigizi. Ubongo na utumbo vinapelekeana taarifa muda wote kupitia mishipa ya fahamu, kwa hiyo hofu inaweza kuleta maumivu ya kweli kabisa. Kipimo kinatafuta kidonda au mdudu, maumivu yenyewe hayaandikwi kwenye karatasi. Mwambie hivyo hivyo. Acheni kuzunguka hospitali, shikeni daktari mmoja, mwende kwa miadi hata wiki ambayo hajaumwa. Usimuulize kila saa "linauma?" Likimshika, mkande kwa maji ya uvuguvugu, avute pumzi taratibu, kisha aende shule, hata kwa vipindi viwili vya kuanzia. Chanzo mkikipata sawa, msipokipata endeleeni hivyo hivyo. Ila akikonda, akitoa choo chenye damu, akipata homa, akitapika mfululizo au maumivu yakimwamsha usiku, mrudishe haraka.

baba_pacha: Wangu miguu iligoma baada ya babu yake kufariki. Mazoezi ya viungo na mwanasaikolojia, muhula mzima, ndipo akatembea. Shangazi na amwombee, lakini chale hapana.

wa_bukoba: Kwetu Kashasha mwaka 1962 wanafunzi walishikwa na kicheko na kilio mpaka shule ikafungwa. Walipimwa, haikuonekana sumu wala ugonjwa. Hayakuanza leo.

mama_watatu: Asanteni sana. Jana tunachambua mchele, sikutaja tumbo kabisa. Akaniuliza bila kuniangalia: "Nikifeli, utanirudisha kijijini kwa bibi?" Neno nililolitoa kwa hasira mwezi wa pili, mimi nilishalisahau. Nikaweka ungo chini nikamwomba msamaha. Leo asubuhi tumbo limeuma tena. Tumekaa kitandani tukivuta pumzi pamoja, saa tatu nikamsindikiza mpaka getini. Ameingia.