Nimepata kazi Tripoli, Libya. Niende au nibaki Muscat?

Fundi wa Chumbageni:
Wakuu, salaam. Mimi ni fundi umeme, mzaliwa wa Tanga, kwa sasa nipo Muscat. Kampuni moja ya kandarasi ya Kituruki inanitaka Tripoli, mkataba wa mwaka, matengenezo ya mitambo ya umeme. Mshahara ni karibu mara mbili ya huu ninaopata, na malazi na chakula ni juu yao. Wanataka jibu upesi.

Mama watoto hataki hata kulisikia jina la Libya. Kaka yangu anasema vita viliisha 2020 na watu wanakunywa kahawa ufukweni kama kawaida. Nikitazama video naona yote mawili: maduka yanayong'aa kule mtaa wa Gargaresh, Tripoli, kisha magari ya deraya katikati ya mtaa, Mei 2025. Waliokaa kule naomba mnieleze ukweli. Dua pia napokea.

Kipanga wa Kilwa:
Pesa mara mbili, risasi mara kumi. Baki ule halua, kaka.

Mama Nasra:
Nimefanya uuguzi Tripoli, zahanati binafsi upande wa Hay al-Andalus. Mdogo wangu, kaka yako hakukosea na mkeo hakukosea. Siku nyingi unaamka, unakwenda kazini, jioni barabara ya pwani imejaa familia na vijana wenye vikombe vya makiato. Kahawa ya Tripoli ni nzuri mno, Waitaliano waliacha kitu hapo. Halafu usiku mmoja mji unageuka.

Serikali ipo, lakini silaha ziko kwa vikosi vya wanamgambo, na kila kikosi kina mitaa yake. Agosti 2023 kamanda wa Brigedi ya 444 alikamatwa na kikosi hasimu kiitwacho Rada, uwanja wa ndege wa Mitiga. Mapigano yakaua watu 55, kisha kamanda akaachiwa na mji ukatulia. Mei 12, 2025 aliuawa Ghneiwa, mkubwa wa kikosi kilichoshika mtaa wa Abu Salim, na usiku uleule mizinga ikalia katikati ya makazi ya watu. Hakuna anayetangaza mapema. Dalili utaziona kwa majirani: maduka yanafungwa saa ya biashara, magari yanaondolewa barabarani. Ukiona hivyo ingia ndani, kaa mbali na madirisha, na uwe na maji, mkate na chaji ya simu.

Kwa hiyo uliza utalala wapi. Janzour na Hay al-Andalus wageni wengi wanakaa. Abu Salim na Ain Zara usikubali hata nyumba iwe ya bure. Ain Zara na mitaa mingine ya kusini ilikuwa mstari wa mbele mwaka 2019 na 2020, na mabomu ya kutegwa yaliachwa humo hadi ndani ya nyumba.

Msafiri wa Kisauni:
Dada Nasra amesema kweli ila kuna jambo hajaligusa. Ndugu, wewe ni mweusi. Mturuki na Mfilipino wakitembea Gargaresh wanaonekana wafanyakazi. Wewe utaonekana mtu anayesubiri mashua ya kwenda Italia. Oktoba 2021 vikosi vya serikali vilifanya msako mtaa huohuo mnaouona unang'aa, vikakamata wahamiaji zaidi ya 5,000 ndani ya siku chache, na wengine walikuwa na karatasi zao mkononi. Ndugu yangu alikuwa fundi bomba pale na hakutembea kwa miguu usiku hata mara moja. Maisha ya Muscat, kutoka saa nne usiku kwenda kununua chapati, yasahau.

Fundi wa Chumbageni:
Nashukuru, mmenifungua macho. Wameniambia niingie kwa viza ya matembezi, ya kazi itashughulikiwa nikishafika. Na pasipoti itawekwa ofisini "kwa usalama". Hii ni kawaida?

Mama Nasra:
Ni kawaida, na ni mbaya. Usipande ndege kwa viza ya matembezi. Siku ya msako, huyo mkubwa wa ofisi hatakuwa nawe barabarani.

Mzee wa Bandari:
Kijana, wote hapa wanaongelea kuingia, mimi naongelea kutoka. Nimepeleka mizigo Misrata na Tripoli miaka mingi. Uwanja mkubwa wa kimataifa uliteketea katika vita vya 2014. Umebaki Mitiga, uko ndani ya mji, na kwa miaka mingi ulikuwa mikononi mwa Rada. Yaani wakipigana, mlango wa kutokea ndio unaofungwa kwanza. Ndege huhamishiwa Misrata, kilomita 200 hivi mashariki. Magharibi kuna mpaka wa Ras Ajdir kuingia Tunisia, nao ulifungwa Machi 2024 kwa mapigano ya vikosi, ukakaa miezi.

Tena mgeni aliyeajiriwa huhitaji viza ya kutoka, na mwajiri ndiye anayeishughulikia. Asipotaka, umekwama. Muulize kwa maandishi: hali ikichafuka nani ananitoa, kwa njia ipi, kwa gharama ya nani? Na upige simu Wizara ya Mambo ya Nje Dodoma, wakwambie ubalozi upi unahudumia Libya, ujiandikishe huko kabla ya kuondoka.

Kipanga wa Kilwa:
Mzee, mafuta si ya bure kule? Nasikia lita senti.

Mzee wa Bandari:
Dinari 0.15 kwa lita. Ndiyo maana yanavushwa kwa magendo, na foleni za vituoni unazikuta palepale. Lakini fundi haendi kunywa petroli.

Msafiri wa Kisauni:
Mshahara je? Ukiwa wa dinari, kataa. Aprili 2025 Benki Kuu ilishusha dinari kwa asilimia 13.3, dola ikawa kama dinari 5.57, na mtaani ilikuwa imepita 7. Mara nyingi benki hazina noti, watu wanapanga foleni tangu alfajiri. Dai dola, ziingie akaunti yako ya Muscat au ya nyumbani.

Fundi wa Chumbageni:
Nimewaandikia. Dola zilipwe Muscat: wamekubali. Viza ya kazi kabla ya safari: wamekubali, itachelewa kidogo. Pasipoti na mpango wa kunitoa: kimya tangu jana.

Mama Nasra:
Basi usiache kazi uliyonayo.

Mzee wa Bandari:
Leo Alhamisi. Ijumaa na Jumamosi ofisi za Tripoli zimefungwa, kwa hiyo usihesabu kimya hicho kuwa jibu. Jumapili asubuhi waulize tena, na safari hii omba jina na namba ya mtu atakayekuwa na pasipoti yako.