Waingereza na utiifu kwa watawala: ni heshima au woga?

Kijana wa Shela
Assalam aleikum. Shuleni hapa Lamu tuna mdahalo: "Mwingereza huitii serikali yake kwa kuwa amezoea kuwainamia wakubwa." Mimi napinga. Naomba hoja zenye tarehe. Utiifu huo ulitoka wapi, na ulianza kupungua lini?

Maalim wa Langoni
Wa aleikum salaam, mwanangu. Anza na kura, mfalme aje baadaye. Kabla ya 1872 mpiga kura alitaja jina la mgombea wake hadharani na karani akaliandika. Mkulima aliyekodi shamba akimpinga mwenye shamba, angeweza kufukuzwa. Basi sehemu kubwa ya hiyo iitwayo heshima ilikuwa ni mtu kulinda paa lake. Sheria ya 1872 ikaleta kura ya siri, na ya 1883 ikabana pesa za kampeni.

Lakini usidai kuwa woga ndio kila kitu. Hata ndani ya kura ya siri, wafanyakazi wengi waliendelea kukichagua chama cha Conservative, chama cha wenye mashamba na mabwana. Mpinzani wako atakushika hapo, kwa hiyo litaje mwenyewe mapema. Mwandishi Mwingereza Walter Bagehot alilieleza mwaka 1867: taji na sherehe huvuta nyoyo za watu, huku kazi yenyewe ikifanywa na baraza la mawaziri.

Bi Mkomani
Maalim, kwa idhini yako. Kule kinachoheshimiwa ni kiti zaidi ya anayekikalia, na hilo lina madhara yake. Bungeni mbunge hamsemeshi mwenzake moja kwa moja, hupitia kwa Spika. Akimwita mwenzake mwongo hutakiwa afute kauli, na akikataa hutolewa. Januari 2022 mbunge Ian Blackford aliamriwa kutoka kwa kusema waziri mkuu wa wakati huo, Boris Johnson, amelipotosha bunge kwa makusudi kuhusu tafrija zilizofanywa ofisini kwake wakati wa marufuku ya korona. Juni 2023 kamati ya bunge ikaamua kuwa kweli Johnson alilipotosha kwa makusudi, na ripoti ikapita kwa kura 354 dhidi ya 7. Johnson alikuwa ameshaacha ubunge. Adabu ile ilimlinda mkubwa zaidi ya mwaka mzima, na mimi naona ni kasoro kubwa. Upande wa pili wataitumia, jiandae.

Kijana wa Shela
Shukran sana, Bi. Na kupungua?

Maalim wa Langoni
Shika miaka ya 1956 hadi 1963. Kulikuwa na kanuni ya siku 14: redio na televisheni zisizungumzie jambo ambalo bunge litalijadili ndani ya siku hizo. Ilisimamishwa mwishoni mwa 1956, mwaka wa mgogoro wa Suez, Uingereza ilipoivamia Misri, na baada ya hapo watangazaji wakaanza kuwabana mawaziri kwa maswali. Juni 1963 John Profumo, waziri wa vita, akakiri kuwa alilidanganya bunge kuhusu uhusiano wake na mwanamke, akajiuzulu. Usiiruke hiyo, maana aliaminiwa kwanza kwa neno lake tu.

La mwisho: usimtumie DC wa kikoloni wala liwali wa hapa pwani kama mfano. Hao hawakuchaguliwa na watu waliowatawala, na utii uliotolewa kwao hauelezi chochote kuhusu mpiga kura wa Uingereza. Midahalo mingi huharibikia hapo.