Naomba ushauri: paa anakula miche, kuvu linakausha mikarafuu

Asalaam alaykum jamaa. Shamba langu la mikarafuu liko Konde, Pemba, limepakana na msitu wa Ngezi. Miche naikuta imekatwa majani. Namshuku paa, maana vinyesi vyake vidogo vimetapakaa. Huyo nikiweka uzio nimemaliza, na kumtega siwezi, analindwa kisheria. Kinachonitia wasiwasi hasa ni mikarafuu mikubwa: tawi linakauka kuanzia nchani, linateremka. Bwana shamba kaniambia ni kuvu, huingia kwenye vidonda vya matawi yaliyovunjika wakati wa kuchuma. Na wachumaji wetu kwa papara, hawajambo! Je, nikate matawi makavu niyachome moto, au mikarafuu mizima? Na penye jeraha la msumeno nipake nini?